Mzee Selestini na Mikorosho Isiyopuliziwa

Tarehe 30 Juni 1996, Mzee Selestini Nampota anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika utafiti wa korosho, mingi kati ya hiyo akiwa katika kituo chetu kidogo cha Newala. Wakulima wa kijiji cha Mkunya wameniomba niandike kwa niaba yao, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa Bibi Sijaona na ninasoma kidato cha tatu.

Wengi walimdhania bwana shamba. Sivyo. Wenzake walichunguza mikorosho. Yeye alichunguza namna wanavyochunguza. Kabla dawa yoyote haijasifiwa, aliuliza, "Mmelinganisha na nini?" Vijana wa kituoni wakambandika jina la Mzee Mmelinganisha, naye aliliitikia.

Ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ulipokuwa ukikausha maua ya mikorosho yetu, alipanga jaribio shambani kwa bibi. Miti mingine ipuliziwe dawa ya salfa, mingine iachwe, ili tofauti ionekane. Msimu ule miti yote ilizaa sawasawa. Kituoni wakaanza kusema salfa haisaidii. Mzee Selestini alikataa kuandika hivyo. Alipanda baiskeli hadi Mkunya, akala mizizi ya ming'oko na bibi, ndipo akamwuliza taratibu alivyopulizia.

"Nimeipulizia yote, Baba Flora," bibi akasema. "Watoto wa nyumba moja, huyu umpe uji, huyu umwache aangalie? Mimi siwezi."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, kosa ni langu. Nilikueleza la kufanya, sikukueleza kwa nini."

Tangu hapo hakupanga jaribio kabla ya kukaa na wenye miti. Wao wenyewe walivuta vijiti kuamua miti ipi iachwe, asije mtu akachagua ile mibovu. Hivyo ndivyo tulivyojua, kwa macho yetu, kwamba salfa inasaidia.

Sasa biashara ya korosho imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wanafika hadi uani, na wauzaji wa dawa nao, kila mmoja na unga wake kwenye mfuko wa rangi nzuri. Mwaka jana, shambani kwa bibi, Mzee alianza kulinganisha unga mmojawapo na salfa, na miti mingine ikaachwa bila kitu. Jaribio linahitaji misimu miwili, nalo limepata mmoja tu. Kituo kinapunguza watumishi, na nafasi yake haitajazwa. Tumeambiwa kazi ya kuangalia mbinu za utafiti si ya lazima. Inatuuma, kwa sababu msimu wa kupulizia ndio unaanza, na wauzaji hawatasubiri.

Juzi alikuja kuaga. Alizunguka shamba, akigusa shina moja moja. Bibi hakutoka jikoni mpaka alipoiona baiskeli ikigeuzwa.

"Nenda salama, Baba Flora," alimwambia. "Ile ya kuachwa nitaiacha. Nitaumia, lakini sitaigusa."

Mzee alivua kofia. Kisha akapanda baiskeli.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kuuliza. Pumzika vizuri nyumbani Mkomaindo pamoja na Mama Flora, na Mungu akujalie afya. Korosho zikianguka tutazipima mti kwa mti, kama ulivyotuonyesha. Majibu nitakuletea mwenyewe, hata yakiwa siyo tuliyoyatarajia.