Kima Hawajashuka

Kijijini Kamisawa, chini kidogo ya daraja, kuna benchi la mbao lililozunguka birika la maji moto yanayotoka ardhini. Mpita njia huvua viatu akazamisha miguu, na akishazamisha ndiyo basi, maneno hayaishi. Wenyeji wa benchi hilo ni watatu. Kengo, aliyestaafu kazi ya kusambaza barua, walimwita Redio kwa sababu hazimiki. Hatsue, muuza mayai yanayochemshwa kwa maji hayohayo, walimwita Jenerali. Wa tatu ni Isamu, mwenye nyumba ya wageni ya mikeka na milango ya karatasi. Huyo hakupewa jina la utani. Hakuwahi kusema neno la kuchekesha. Asubuhi ile ya theluji kila mmoja alishika kopo la kahawa ya moto kutoka kwenye mashine ya vinywaji ya kona, na hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

Kima hawakuwa wameshuka. Baridi ikikaza hutoka msituni, mama na watoto, wakajitosa hadi shingoni kwenye dimbwi lao la juu ya bonde, nyuso nyekundu, macho wameyafumba. Wageni hutoka mbali kuja kuwaona, kisha hulala kwa Isamu. Sasa dimbwi lilikuwa tupu tangu mwanzo wa juma, na kwenye theluji hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Redio alisema ni dubu. Jenerali akamkumbusha kwamba majira haya dubu wamelala fofofo. Basi ni tetemeko, Redio akasema, mnyama huisikia ardhi kabla yetu. Jenerali akaona hilo dogo. Yeye aliamini mlima wenyewe unachemka kwa ndani. Redio hakukubali kupitwa. Akadai maji yameamua kuhamia bonde la pili, kima wameyafuata, na siku moja kijiji kizima kitaamka kikavu.

— Acha kututisha, mzee, Jenerali akamwambia, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Tangu mwanzo wa juma, kila alfajiri Isamu alipoingia kusafisha bafu la wageni, alikuta maji ya kijivu yananuka chuma. Hata mkewe, Yoriko, hakuwa amemwambia.

— Maji yangu yamechafuka, akasema.

Redio akafunga mdomo.

— Tangu lini? Jenerali akauliza.

— Tangu kima walipopotea. Nilidhani bomba. Nimelifungua lote, bomba halina kitu.

Alikuwa amepiga simu mjini kwa wanaopima mitetemo ya ardhi. Walimjibu kwa adabu kwamba vyombo havionyeshi lolote.

— Vyombo vyao havina manyoya, Jenerali akasema.

Hawakumwona Natsuho akifika. Alikuwa mgeni wa Isamu, mwanamke wa makamo aliyekuja na mama yake mzee, koti zito juu ya vazi la pamba la nyumba ya wageni. Alikuwa ametoka kulitazama lile dimbwi tupu. Aliketi ukingoni mwa benchi, na kwa jinsi alivyowatazama walijua amesikia.

— Bwana Isamu, mama yangu magoti yamekufa, hawezi kukimbia, akasema taratibu. Tulale kwako leo, au tupande basi la mchana?

Isamu aliutazama mvuke. Baba yake hakuwahi kumwambia mgeni aondoke. Samaki wa chakula cha jioni walishaparwa magamba, magodoro yameanikwa. Na lisipotokea lolote, bonde zima litamcheka, na wenye nyumba nyingine hawatamsamehe kwa kuwafukuzia wateja kisa kima.

— Pandeni basi, dada, akasema.

Jenerali aligeuka akamtazama. Mayai yake yaliuzwa kwa wageni haohao.

Natsuho alisimama, akainama kumshukuru.

— Na nyinyi je?

Redio alimtazama Jenerali. Jenerali alitazama mikono yake. Isamu akatoa miguu majini, akainuka kumsindikiza.

Basi la mchana liliondoka na Natsuho na mama yake. Yoriko alikuwa ameshaelezwa yote. Alisimama langoni, ameinama, mpaka basi likapotea kwenye kona. Alipoinuka alimuuliza mumewe vyumba vya juu avifunge au aviache. Isamu alisema avifunge, kisha akarudi kwenye benchi maana hakujua pengine pa kwenda.

Aliwakuta wenzake kama alivyowaacha. Hatimaye Jenerali alitoa miguu majini akaanza kuikausha, kidole kwa kidole. Akasema anakwenda kumpigia dada yake anayekaa mjini Matsumoto, aulize tu kama kile chumba cha nyuma bado ni kitupu.

— Kina nafasi ya wangapi? Redio akauliza.