Mama Wiki Mbili Anakabidhi Matuta

Sauti iliyonibakia ni ya mbegu ndani ya kopo la maziwa. Kabla ya kusia, Mama Wiki Mbili hulitikisa karibu na sikio, na kwa mlio ule hujua kama mbegu zitatosha msimu mzima. Tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shamba la mboga la hospitali yetu.

Aliajiriwa kumwagilia. Enzi hizo mboga zilikuja kwa mkupuo: mwezi huu nyanya mpaka zinaoza, mwezi ujao jikoni hakuna hata jani. Yeye ndiye aliyeanza kusia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, ili kila wiki pawe na tuta la kuvuna. Wenzake walimcheka, wakampa jina. Jina likabaki, kicheko kikaisha.

Chati yake imejaza ukuta mzima wa stoo ya zana. Kila tuta lina mstari wake, kila zao karatasi ya rangi yake, na kabichi hairudi tuta lilelile kabla ya miaka mitatu. Hata wakwe zake wanaiheshimu. Harusi ya binti yake ilisogezwa wiki moja, kwa kuwa iliangukia siku za kuhamisha miche ya vitunguu.

Nilipofika na shahada yangu ya kilimo, nilipewa matuta manane. Mvua ilikuwa nzuri, nikayajaza yote kabichi kwa siku moja. Zikakomaa pamoja, zikaanza kupasuka. Jikoni walipika kabichi siku kumi na moja mfululizo, na mpishi mkuu, mtu wa umri wa baba yangu, akawa ananiamkia: "Shikamoo, Daktari wa Kabichi!" Mama hakunigombeza. Alinipa penseli, akasema, "Mwanangu, anzia kwenye sahani. Mgonjwa anakula lini? Sasa hesabu kurudi nyuma."

Fahari yetu kubwa ni kiangazi ambacho pampu ilikufa kwa wiki tano. Siku ya kwanza tu, alibandua nusu ya karatasi ukutani. Nyanya aliziacha zife. Mchicha na spinachi alizihamishia nyuma ya jiko, zikanyweshwa maji ya kuoshea mboga. Wagonjwa hawakukosa mboga za majani hata siku moja.

Tangu kustaafu kwake kutangazwe, swali limekuwa moja: nani atapanga? Ilipendekezwa ratiba itoke makao makuu mara mbili kwa mwaka, na mimi nihamishiwe huko kuiandika, mbali na matuta. Mama aliposikia aliendelea kupalilia, ila kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona.

Mama, asante kwa kutufundisha kuiona sahani ya mtu tusiyemjua. Nenda kapumzike kwa afya na amani, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na mvua ikinyesha asubuhi, geuka upande wa pili ulale.

Barua ya kukataa uhamisho niliiwasilisha Jumatatu, na meneja ameikubali. Kuanzia Julai mosi, mboga za wagonjwa zitaendelea kupangwa hapahapa shambani, nami ndiye nitakayezipanga.