Karatasi Niliyoitoa Kwenye Faili la Mzee Abdulrahman

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Manispaa, Daktari Leodegar. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mganga Mfawidhi wa kituo hiki, Daktari Valerian. Masheikh na mapadri mliotufungulia shughuli kwa dua na sala. Wajumbe wa kamati ya afya. Wauguzi wenzangu mlio kazini na mlionitangulia kustaafu. Wanafunzi wa uuguzi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti tumewapa wageni. Wagonjwa wetu na jamaa zao. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Walionizidi umri, shikamooni. Wa rika langu, habari za mchana. Nanyi vijana, marahaba.

Wengi hapa mnaniita Matroni, na wengine nadhani hamjawahi kulisikia jina langu kamili. Naitwa Sesilia Kornelio. Nilikuja kazini nikiwa na miaka ishirini na minne, na leo naondoka na sitini.

Muda mfupi uliopita mwenzetu Anjelina amesoma risala ya kuniaga. Amesema mimi ni mama wa wauguzi, ni mtu wa vitendo, si wa maneno. Kisha akanukuu usemi wangu, nanyi mkapiga vigelegele: "Nadharia haifungi kidonda." Nayaona maneno hayohayo vifuani mwenu, kwenye fulana za sare mlizochapisha kwa ajili ya siku hii. Najua mmefanya kwa upendo. Lakini nilipokuwa nimekaa pale mbele nikitabasamu, jasho lilikuwa linanitoka mgongoni, kwa sababu hamjui niliyasema siku gani, wala nilimwambia nani. Hotuba niliyoiandika ninayo mkononi. Naomba radhi kwa mshereheshaji, sitaisoma.

Miaka sita iliyopita tulimpokea hapa muuguzi aitwaye Hamida Nassibu. Mtoto wa Temeke, mpole wa kusema, ametoka chuo kikuu na shahada ya uzamili ya uuguzi wa kibingwa, wa kwanza kwa kiwango hicho katika kituo chetu. Mimi nilikuwa na stashahada ya zamani na miaka thelathini ya wodini. Je, nilifurahi kwamba taaluma yetu imepanda hadi huko? Sikufurahi, ndugu zangu. Niliogopa. Ila sikuuita woga, niliuita uzoefu.

Na kwa kuwa leo nimeamua kusema, niseme na hili. Mnajua kwamba leseni zetu hazihuishwi bila alama za mafunzo endelevu. Mimi nilikuwa naingia ukumbini asubuhi, nasaini karatasi ya mahudhurio, nakunywa chai, halafu naaga kwamba wodini kuna kazi. Alama zangu zilitimia kila mwaka. Nilichojifunza kwa alama hizo kingetosha kwenye kiganja, na nafasi ingebaki.

Asubuhi moja, katika ripoti ya kupokezana zamu, Hamida aliomba kusema.

"Matroni," akasema, "mgonjwa si kidonda peke yake. Kuna mambo mwili wake unayadai kila siku, na kuna yale anayoyaweza mwenyewe. Katikati pana pengo. Kazi yetu ni kujua pengo hilo liko wapi, tulizibe sisi, au tumfundishe yeye, au tumfundishe mtu wa nyumbani kwake. Nadharia yenyewe ndiyo hiyo, haina uchawi."

Wauguzi walikuwa wanasikiliza. Niliona wanasikiliza, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia, "Sista, hapa si chuoni. Nadharia haifungi kidonda. Vaa glovu." Wodi nzima ikacheka. Hamida akavaa glovu. Hivyo ndivyo usemi wenu huo ulivyozaliwa.

Wiki hizo tulikuwa tunamtibu Mzee Abdulrahman, muuza ndizi wa soko la Mabibo. Ni yule aliyeketi safu ya pili, karibu na nguzo, pamoja na binti yake Raudha. Nitakayoyasema sasa wao wameshayasikia kutoka kinywani mwangu, na wameniruhusu kuyarudia. Mzee alikuwa na kisukari, na kidonda chini ya unyayo wa kulia. Aliishi hapahapa Goba, peke yake tangu afiwe na mkewe. Kila siku ya kubadilishiwa bendeji alikuja bendeji ya zamani imelowa, nyeusi, inanuka. Mimi nilikisafisha kidonda na kukifunga upya, na kufunga kidonda najua. Akirudi, yaleyale. Siku moja nikamgombeza mbele ya foleni nzima: "Mzee, wewe ni mbishi! Mguu huu ukioza usimlaumu mtu." Mtu mzima kuliko mimi, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Siku iliyofuata ya bendeji, alimhudumia Hamida. Alikaa naye robo saa, nami nikiangalia saa yangu kwa hasira maana foleni ilikuwa ndefu. Alimuuliza maswali ambayo mimi, kwa miaka yote ile, sikuwahi kumuuliza mgonjwa.

"Nyumbani nani anakiangalia kidonda, babu?"

"Naangalia mwenyewe, mwanangu. Ila macho hayafiki."

Kisukari kilikuwa kimeshayala macho yake. Hakuwa amewahi kukiona kidonda kile. Na kwa kuwa unyayo ulishakufa ganzi, hakuwa anakisikia pia.

"Na sokoni unavaa nini?"

"Buti la mpira. Toka alfajiri mpaka mzigo uishe. Pale chini pana maji."

"Huwezi kupumzika wiki mbili?"

"Nikipumzika nani ananilisha?"

Hamida akaandika ukurasa mmoja. Aliandika anayoyaweza mzee: anatembea, anashika maelekezo, anakunywa dawa kwa wakati. Aliandika asiyoyaweza: kuuona unyayo, kuhisi maumivu, kuacha biashara. Kisha akaandika la kufanya. Raudha, anayeishi Segerea, aje afundishwe kuuosha na kuukagua mguu wa baba yake. Buti liachwe, atafutiwe kiatu kikavu. Apate kigoda, auze akiwa amekaa, mguu umeinuliwa. Ndugu zangu, hapo hapakuwa na mashine wala dawa ya ng'ambo. Akaiweka karatasi kwenye faili, akaenda zake.

Niliisoma alipoondoka, nikajua kwamba ni kweli. Aibu yangu inaanzia hapo. Laiti nisingejua, leo ningesimama hapa kama mtu aliyekosea. Nilijua, nikaitoa karatasi kwenye faili, nikajiambia kwamba haiko kwenye fomu rasmi. Kesho yake nikamhamishia Hamida chumba cha chanjo. Raudha alikuja mara mbili kumuulizia nesi ambaye baba yake alimwambia atamfundisha. Mara zote mbili aliyemjibu ni mimi. Nilimwambia, "Hayupo." Hamida alikuwa upande wa pili wa ukuta, anachanja watoto.

Baada ya wiki tano, Mzee Abdulrahman alikatwa mguu chini ya goti katika hospitali ya rufaa.

Kikaitishwa kikao. Mganga mfawidhi wa wakati ule, ambaye alishastaafu, aliuliza kama mgonjwa huyu alikuwa na mpango wa huduma ya uuguzi. Hamida akajibu, "Ulikuwepo. Niliuandika mwenyewe nikauweka kwenye faili." Faili likafunguliwa, likapekuliwa mwanzo hadi mwisho. Halafu macho yote yakanigeukia.

"Matroni?"

Nikasema, "Sijauona."

Neno moja tu. Hamida aliniangalia, hakulia, hakubisha. Akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Tangu hapo nafasi ya kiongozi wa uuguzi wa kibingwa imetangazwa mara mbili, na mara mbili jina lake limewekwa kando kwa sababu ya barua hiyo. Maoni ya msimamizi wake niliyaandika mimi. Niliandika: "Bado anahitaji kukua." Wauguzi mliopo hapa, mnaniita mama. Mama gani huyo?

Mwezi uliopita nilikuwa natoa vitu kwenye kabati la ofisi ili nimkabidhi anayenipokea. Karatasi ilikuwa chini kabisa, ndani ya bahasha. Siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa nimeisahau. Nilikaa chini nikaisoma tena. Nikamkumbuka baba yangu, Kornelio, aliyekuwa mchonga vinyago kule Masasi. Siku zote nilijitetea kwa jina lake, kwamba baba hakusoma, mkono wake ndio uliojua. Lakini baba alikuwa akiletewa gogo anakaa nalo siku nzima bila kulitia patasi. Analigeuza, analipapasa, anatafuta mishipa ya mti inaelekea wapi. Sisi watoto tulidhani amepumzika. Kumbe pale ndipo kazi ilipokuwa, na binti yake amekuwa muuguzi miaka thelathini na sita bila kulitambua hilo.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda nyumbani kwa Hamida. Alinifungulia mlango akiwa na unga mikononi, akanipa shikamoo yangu kama kawaida. Badala ya kuitikia nilimpa karatasi. Aliutambua mwandiko wake, akaegemea ukuta.

"Nilifika mahali nikadhani labda kweli sikuiweka," alisema. "Nilianza kutojiamini, Matroni. Mpaka leo nikiandika kitu narudi kuhakikisha mara tatu."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi mie nakupa. Nimechoka kuubeba mzigo huu. Ila mguu ule si wangu. Mwenye mguu yuko Segerea, nenda kamwambie."

Nikaenda. Mzee siku hizi anaishi kwa Raudha. Alinikaribisha vizuri, akaagiza nipewe chai, akadhani nimekuja kumjulia hali. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Hakuniuliza habari ya kikao wala ya barua. Aliuliza hivi:

"Kwa hiyo haukuwa ubishi wangu?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu. Ulikuwa huoni."

Akasema, "Mie miaka sita nawaambia wajukuu, babu yenu alikatwa mguu kwa sababu ya ubishi. Nawaambia wasije wakawa kama mie."

Raudha aliinuka akatoka nje. Mimi sikuwa na pa kutokea. Baadaye mzee akaniambia, wala hakupandisha sauti: "Uliponiita mbishi palikuwa na watu. Ukitaka kuniondolea jina hilo, watu nao wawepo."

Mzee Abdulrahman, watu wapo. Yupo Diwani, yupo Mganga Mkuu, wapo masheikh na mapadri, na wamo humu baadhi ya waliokuwa kwenye foleni siku ile. Nasema mbele yao: hukuwa mbishi. Ulitimiza kila ulichokiweza, na usichokiweza kiliandikwa, na mimi nikakificha. Nawe Raudha, nesi uliyemuulizia alikuwepo. Mara zote mbili alikuwepo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Jumatano iliyopita nilikabidhi kwa Daktari Valerian maelezo yangu ya maandishi, yenye sahihi yangu, pamoja na karatasi yenyewe. Nimeomba barua ya onyo ifutwe kwenye jalada la Hamida, na nafasi aliyonyimwa itazamwe upya. Lolote litakaloamuliwa juu yangu, hata baada ya leo, nitalipokea. Daktari Valerian aliniuliza kama nataka kusubiri shughuli hii ipite. Nilitamani kusubiri, sitaficha. Nilikuwa nimeshashona gauni.

Wauguzi wenzangu, na hasa ninyi mnaosimamia wengine, sina haki ya kuwahubiria. Ninaloliomba ni dogo. Akija kwenu kijana aliyesoma kuliko ninyi, na moyo ukawawia mzito, semeni nafsini mwenu jina halisi la uzito huo kabla hamjamjibu. Mimi sikulisema, na aliyelipa ni muuza ndizi. Nanyi wanafunzi mliosimama nyuma, msijifunze kutoka kwangu namna ya kufunga kidonda tu. Jifunzeni kukaa robo saa na kuuliza nani anakiangalia nyumbani.

Nawashukuru kwa zawadi, kwa risala, na kwa kuja kuniaga mimi, mtu ambaye hamkuwa mnamjua vizuri. Namshukuru mume wangu Gervas, ambaye naye ameyasikia haya kwa mara ya kwanza wiki hii na bado amekubali kukaa karibu nami.

Ratiba inaonyesha nimebakiwa na dakika kumi. Nimeomba kwa mshereheshaji, naye amekubali, dakika hizo apewe Muuguzi Hamida Nassibu, awaeleze ile nadharia yake tangu mwanzo, kwa sababu asubuhi ile sikumwacha amalize. Mimi nitakaa nimsikilize.

Asanteni kwa kunisikiliza. Hamida, karibu mbele.