Maisha ya Baba Yetu Heriel Ndekirwa, Muuza Saa wa Mtaa wa Msimbazi

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Brightness, mtoto wa kwanza wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yetu, ikiwemo sehemu ambayo yeye mwenyewe aliagiza isirukwe.

Baba alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 huko Marangu, Kilimanjaro, akasoma hapo hapo hadi darasa la nane, mwaka 1972 akaja Dar es Salaam, akatembeza saa za mkononi barabarani hadi alipofungua duka lake la saa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mwaka 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Caroline, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Elibariki, ambaye mwaka 2016 alikwenda kufanya kazi Ujerumani.

Elibariki alikuwa akipiga simu kila Jumapili akitoka kazini, wakati hapa kwetu ni saa mbili usiku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba mwaka ule, baba aliwaalika wazee wa kanisa nyumbani wamsalimie kijana, wakasubiri, wakatazamana, wakaaga, na simu ilipoita saa tatu baba akakataa isipokelewe. Mama alimweleza kwamba kule wamerudisha saa nyuma, hivyo muda wake wa kutoka kazini kwetu sasa ni saa tatu, naye akajibu, "Nimeuza saa tangu sijakuoa, sijaona nchi inayorudisha saa nyuma. Mwambie atafute uongo mwingine." Tangu hapo hakupokea simu yake, hakwenda harusini kwake, na dukani aliwaambia wateja kwamba mwanawe amejifunza uongo na dharau Ulaya.

Mwaka 2021 jirani yake wa duka, Bi. Najma, ambaye yupo hapa, alimwambia kuwa anasubiri kidogo kumpigia dada yake Uingereza kwa sababu kule saa zimerudishwa. Baba akauliza, "Nani anazirudisha?" Bi. Najma akamweleza kwamba Ulaya walianza mtindo huo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kubana matumizi ya makaa ya mawe, wakisogeza saa mbele majira ya joto na kuzirudisha yakiisha, kwamba sisi tulio karibu na Ikweta mchana wetu haubadiliki sana, na kwamba hata Tanganyika ya mkoloni saa zilikuwa robo saa nyuma ya hizi za leo. "Mzee Heriel, wewe umezaliwa na saa hizo," alisema akicheka. Baba hakucheka, alifunga duka mchana ule ule.

Tulidhani atampigia mwanawe, lakini aibu ilimzidi, alishika simu akaiweka, akisema, "Nitaanzia wapi?" Hata alipougua figo, na Elibariki akaja mwezi uliopita kukaa kando ya kitanda chake, baba aligeukia ukutani akalia, asiweze kusema. Mdogo wangu alipotoka, baba aliniambia, "Nimemchafua mbele za watu, umsafishe mbele za watu hao hao." Alifariki alfajiri ya Jumatano.

Elibariki, hukusema uongo. Baba ameomba kila aliyemsikia akikusema akupe mkono leo, kabla ya kuaga mwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wafanyabiashara wenzake wa Msimbazi, ambao hawakumwacha mama peke yake hata siku moja.

Baba, mwanao amesikia. Lala kwa amani.