Neno Nililomficha Daktari

Sogeeni, wanangu, lakini kwanza wewe Asenath funga mlango na ushushe pazia, kwa maana ukuta huu wa nyumba ya kaunsili tunashiriki na jirani tangu nilipokuwa kijana wa reli, na sijawahi kupiga chafya humu nisisikie "pole" kutoka upande wa pili. Nawe Luseno, weka simu hapa kifuani inase sauti yangu. Masikio yenu siyaamini; nikishafumba macho kila mmoja atakumbuka wosia unaompendeza.

Mnadhani nimewaita kwa ajili ya shamba la Vihiga. Nimewaona mkitazamana. Shamba lina zamu yake. Kwanza ni mjukuu wangu Mideva, na mama yake Triza, mke uliyemfukuza, Luseno.

Mwaka ule wa barakoa nilirudi kutoka mazishini nikikohoa, chai haina ladha, sabuni haina harufu, na nilijua fika nina nini. Lakini nilikuwa nimeona jirani akibebwa na watu waliojifunika meupe hadi machoni, na nani alijua wanampeleka wapi, kwa faida ya nani? Nikawaamuru nyote mseme ni homa ya kawaida. Mideva, miaka saba, alipata mafua siku mbili, akarudi kuruka kamba.

Mwezi haukuisha, mtoto akawaka homa siku tano, macho mekundu, midomo imepasuka, mwili una vipele, tumbo linamkata, mikono imevimba. Asenath, ulininong'oneza, "Baba, kikulacho ki nguoni mwako. Si Triza alimpeleka kwao Huruma akala huko?" Nami nilinyamaza, maana shuku yako ilinifaa; mradi mnamtazama yeye, hakuna anayenitazama mimi.

Hospitalini daktari akauliza kama kuna aliyeugua korona nyumbani wiki zilizopita. Nilimjibu mimi, mkubwa wa nyumba: "Hapana, daktari." Triza alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga, kwa kuwa mkaza mwana hamkanushi baba mkwe mbele ya wageni. Siku mbili mtoto akatibiwa homa ya matumbo huku anazidi kuzama.

Siku ya tatu Triza alimrudia daktari peke yake, akamnong'oneza ukweli. Daktari akabadilisha dawa siku hiyohiyo. Alisema kirusi kilikuwa kimekwisha kwenda zake, ila askari wa mwili waliokipiga vita walikataa kurudi kambini, wakaugeukia mwili wenyewe, hata moyo. Kesho yake Mideva aliomba uji. Nanyi mlisemaje? Mlisema amenong'ona tu, mtoto amepona. Basi aliyemfunga kwa uchawi ndiye aliyemfungua! Luseno, ukamtupia nguo nje, mimi nimeketi kiti kile, nakunywa chai. Nilikuogopa, mwanangu, usije ukaniita mwongo. Naona aibu, wanangu, aibu kubwa.

Usilie sasa, Asenath, sijui kama unanililia mimi au shamba.

Daktari aliagiza moyo wa mtoto upimwe kila mwaka. Kadi ya kliniki inalala chini ya godoro la Luseno mwaka wa tano, kwa kuwa mlimshuku daktari vilevile, na juzi nimemsikia Mideva akitweta kwa kutoka sokoni tu. Jumatatu apelekwe, na atakayemshika mkono awe mama yake. Shamba mligawe mafungu matatu, la Mideva lishikwe na Triza. Mzee wa kanisa Wanyonyi anayo karatasi yenye alama ya kidole changu, maana nawajua, mtasema nimelishwa kitu.

Nipe maji... Basi, yatosha.

Mkinifikisha Vihiga, sufuria za matanga zishikwe na Triza. Mfuateni Huruma nyote wawili, mkamwombe, msitume mtu. Na kabla mgeni yeyote hajanawa mikono, ninyi mketi mbele ya ukoo, mpakuliwe kwa mkono wake. Msimtangulize mtu aonje. Mlisema mbele za watu kwamba mkono ule unaua; mbele za watu mtakula kutoka mkononi humo.

Mungu wa baba zangu awa... awape vifua vyepesi kuliko changu. Mideva aishi, azike wote tuliomdanganyia daktari wake. Simu bado inanasa? Haya.

Siku hiyo kuleni, wanangu. Nawe Luseno, ukimaliza... mnyooshee Triza sahani... umwombe akuongeze.