Alvah Pruitt na Taa ya Dakika Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasha taa moja, Bwana Alvah Pruitt anastaafu Jumatano, tarehe 30 Juni 1954. Amechoka. Sisi tunaobaki hapa kampuni ya Santuri za Marlow, Indiana, tumechoka pia, ila yeye ana haki ya kulisema hadharani.

Alianza mwaka 1923, chumba cha kurekodia kilipokuwa ghala kando ya reli. Sahani ya nta tuliyorekodia ilibeba dakika tatu tu, basi. Zikibaki sekunde ishirini Alvah aliwasha taa nyekundu, na mwimbaji alitakiwa afunge wimbo upesi. Mpiga fidla mmoja kutoka Kentucky alidhani nyumba inaungua. Tulimpata stesheni, fidla kwapani. Bendi za jazi zilimwita Alvah "Bwana Basi". Hata kanisani yeye hupima mahubiri kwa saa yake ya mfukoni, na mchungaji anajua.

Alikuwa akilicheka jina hilo mpaka alipokuja Lucinda Gaither.

Lucinda alitoka Memphis mwaka 1927 kuimba bluzi, wimbo wa huzuni, kuhusu mama yake aliyekimbia mafuriko akirudi kwao kwa miguu. Taa iliwaka kabla ya ubeti wa mwisho. Akafunga wimbo, mashine ikazimwa, ndipo akamgeukia Alvah: "We baba wa taa, unawahi wapi? Mama yangu hajafika hata mlangoni." Akauimba ubeti uliobaki palepale, akimtazama usoni. Majira ya baridi yaliyofuata nimonia ikamchukua Lucinda. Kwenye santuri, mama yake yuko njiani hadi leo.

Mwezi Machi bintiye Lucinda, Odessa, alituandikia akiuliza kama kuna mtu anayejua iwapo katika wimbo ule bibi yake alifika nyumbani. Yuko mmoja tu, na ameubeba ubeti huo miaka ishirini na saba bila kumwimbia mtu. Naona ndio uliomchosha kuliko kazi yenyewe.

Saa ya zawadi ameikataa, anasema ameshazitazama za kutosha. Ameomba mashine mpya ya kurekodia kwa utepe, kwa nusu saa.

Asante, Alvah, kwa uvumilivu wako na kwa kutusitiri tulipokosea. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na saa. Lakini Jumatano, kabla hujachukua kofia yako, Odessa atakuwa ameketi kiti cha mbele na utepe utakuwa unazunguka. Sauti yako ni mbovu, tunajua. Balbu ya taa nyekundu nimeifungua mwenyewe, iko kwenye mfuko wa aproni yangu ya kufungashia. Mfikishe yule mama nyumbani.

Hester Swope, chumba cha kufungashia