Pindo la Vidole Vinne: Maisha ya Fundi Anselmo Gervas Nsokolo (1958–2025)

Marehemu kaka yangu Anselmo Gervas Nsokolo, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi bila kuongeza jina, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Mamba, Mpimbwe. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Gervas Nsokolo na Mama Cecilia, wakulima wa mpunga.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mamba kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1975 alianza kujifunza ushonaji misheni, kwa katekista mmoja aliyekuwa mkali. Mwaka wote wa kwanza hakuruhusiwa kugusa mkasi, alikuwa akifumua nguo kuukuu tu. Alisema huko ndiko alikoona kwamba nguo nyingi za watoto hutupwa zikiwa bado nzima, kwa sababu tu mtoto amerefuka.

Tarehe 12 Februari 1981 alihamia Mpanda na kufungua kazi katika fremu, chumba cha duka cha kupanga, barabara ya stesheni. Hakuihama fremu hiyo miaka arobaini na minne. Kuanzia mwaka 1986 alishona zaidi sare za shule. Kila sketi na kila kaptula aliiachia ndani pindo la vidole vinne, na kila Januari mzazi aliirudisha ikashushwa bure. Mzee Manyanda wa Kasekese, ambaye yupo hapa, alikuwa akija na watoto saba kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Siku moja alimwambia, "Fundi, huyu usimpime. Huyu analala mfupi anaamka mrefu." Marehemu akamjibu, "Basi mlaze hapo mezani nimpime akiamka." Mafundi wenzake walimwonya kwamba anajifukuzia wateja kwa hilo pindo. Akawaambia, "Kitambaa ni cha mzazi. Mimi nimekikunja tu."

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na Angela, hapa Mpanda. Gauni la harusi alilishona yeye mwenyewe, lakini aliona haya kumpima mchumba. Mama yetu Cecilia ndiye aliyempima kule Mamba, kwa kamba yenye mafundo, kamba ikaletwa kwa basi. Shemeji Angela husimulia mpaka leo: "Gauni langu nalo lilikuwa na pindo la vidole vinne. Nikamwuliza, unadhani bado ninakua?" Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2020 binti yake mkubwa, Hilaria, aliacha kazi Tabora akarudi kushona na baba yake. Tangu hapo marehemu alikuwa na ombi moja tu: Hilaria abaki na fremu yenye kazi. Lakini nguo za tayari zilikuwa zimeshajaa mjini. Mwaka 2021 shule aliyoishonea miaka mingi ilianza kuletewa sare zilizoshonwa nje ya mkoa. Juni 2022 Jumuiya yetu ya kanisa ilikaa, ikakubaliana kwamba kila kaya ishone kwake walau nguo moja kwa mwaka. Niliandika muhtasari wa kikao hicho mimi. Kaya zilikuwa kumi na nne. Zilizokuja ni tano. Zilizobaki hazikuwa na nia mbaya, zilisema zitapita.

Sisi ndugu hatukuwa tofauti. Januari 2023 nilinunua sokoni kaptula mbili za shule za wajukuu wangu, nikarudi kwa njia ya nyuma ya stesheni ili asinione nazo. Kesho yake aliniambia, "Damiano, jana ulipita nyuma. Kule kuna matope, pita tu hapa mbele."

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019. Mwaka 2023 macho yalianza kufifia, na Oktoba 2024 alikatwa mguu wa kulia. Hakwenda tena dukani. Januari mwaka huu Mama Emelyne, jirani, alimletea nyumbani sketi ya mwanawe aliyoinunua sokoni, akiomba ishushwe. Marehemu aliipapasa kwa vidole, akaigeuza ndani nje, akasema taratibu, "Hapa hakuna cha kushusha, mama." Hilaria aliiongezea kipande cha kitambaa chini.

Kila jioni alimwuliza Hilaria, "Leo nani kaja kupima?" Hilaria alijibu, "Wawili, baba." Siku nyingi hakuwa amekuja mtu. Tarehe 4 Machi alimwuliza tena, akapewa jibu lile lile. Akacheka kidogo. "Hao wawili wako ni waaminifu sana. Hata Jumapili walikuja." Kesho yake alizidiwa, akapelekwa hospitali. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mkewe alikuwa amemshika mkono.

Ijumaa asubuhi wanajumuiya walileta vitenge vya sare ya msiba kwa Hilaria. Hakuna aliyewaagiza. Kwa siku tatu foleni ya kupimwa ilifika barabarani, kama Januari za miaka ile. Hilaria alipima watu thelathini na wanane, akawashonea wote. Ndizo sare tulizovaa. Nguo ya mwisho ilikuwa gauni la mjukuu wa marehemu mwenye miaka sita, nalo lina pindo la vidole vinne. Ilikamilika jana, saa kumi na moja jioni.

Mwenye fremu ameomba arudishiwe ifikapo tarehe 31 mwezi huu. Tumeketi mara mbili kama ukoo kulizungumza, na mara zote mbili tumeahirisha bila kuamua.

Marehemu ameacha mjane, Angela, watoto watatu, Hilaria, Gabrieli na Lucia, wajukuu saba, na mimi mdogo wake pamoja na dada yetu Mariana. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, Hilaria amefungua mlango wa fremu kama kawaida, akafagia, akaweka futi ya kupimia na chaki mezani.

Bwana ampokee Fundi wetu, ampe amani na pumziko refu.

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wa marehemu,
Damiano G. Nsokolo
Mpanda, Jumatatu tarehe 10 Machi 2025